Anasoma bila kosa, kwa dakika nne

Wiki mbili zilizopita nilikuwa mtoa mada kwenye semina ya walimu wa msingi. Mada ilikuwa disleksia, ile shida ya kudumu ya kusoma isiyotokana na uvivu wala ukosefu wa akili; kupima na kufundisha watoto wa namna hiyo ndiyo kazi yangu. Nilipangiwa saa nane mchana, ile saa ambayo watu wametoka kula wali na vichwa vimeanza kuinama. Sijafika hata slaidi ya tatu, mwalimu mkuu mmoja, mtu mzima wa heshima zake, akasimama. "Dada, utusamehe. Hayo ya disleksia ni mambo ya Wazungu na Kiingereza chao. Kiswahili kinasomwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishajua a-e-i-o-u na ba-be-bi-bo-bu amemaliza kazi. Asiyeweza hapo, ama hakufundishwa ama ni mvivu." Ukumbi mzima ukaamka kumpigia makofi.

Maneno hayo nimeshayasikia kwa wazazi, kwa daktari wa watoto, kwa mhadhiri wa chuo, na kwa shangazi yangu kwenye arusi, sahani ya pilau mkononi. Siku ile nilijibu kwa adabu kwa sababu posho ilikuwa haijalipwa. Sasa imelipwa.

Nianze na alipopatia mwalimu mkuu, maana nusu ya maneno yake ni kweli. Tahajia ya Kiswahili ni nyoofu. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya waliomaliza mwaka wa kwanza wa kusoma. Wa Kifini walikuwa wanapatia karibu kila neno. Wa Kiingereza, waliopimwa Uskoti, walipatia kama theluthi tu. Kiswahili kingewekwa kwenye mizani hiyo, naamini kingekaa karibu na Kifini. Kwa hiyo ndiyo, mtoto wetu ana bahati: akiijua herufi, haimgeuki.

Tatizo ni kwamba watu wanasikia "hakosei" wakadhani wamesikia "anasoma". Ni vitu viwili, na kwenye kuvichanganya ndiko ninakolia kila siku.

Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichukua wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao maandishi yao ni manyoofu kama yetu, walisoma kwa usahihi kuliko wenzao. Lakini ubongo wao ulipopigwa picha wakiwa wanasoma, wote, wa lugha zote tatu, walionyesha upungufu uleule wa utendaji upande wa kushoto. Kabla ya hapo, Heinz Wimmer alikuwa ameshaeleza habari za watoto wa Austria wanaosoma Kijerumani: makosa machache, kasi ya kobe. Kwenye lugha nyoofu disleksia inahama kutoka kwenye makosa inakwenda kwenye mwendo. Mtoto anasoma neno sahihi, ila analisoma neno la mia kana kwamba ni mara ya kwanza kukutana nalo.

Wewe unayesoma hapa hukuunganisha m-t-o-t-o. Neno limekuingia zima, kama unavyoitambua sura ya jirani. Mtoto ninayemzungumzia anamtambua jirani kwa kuanza na pua, halafu sikio, halafu nywele, kila asubuhi. Mwisho atamjua. Ila jirani atakuwa ameshapita.

Na Kiswahili kina lake ambalo Waitaliano hawana kwa kiasi hicho: neno letu moja ni sentensi. Chukua "atakapowarudishia". Herufi kumi na saba, na kila kipande kina kazi yake: nani, lini, kwa akina nani. Mtoto anaanza: a… ta… ataka… atakapo… atakapowa… ru… rudi. Amechoka, analimalizia kichwani mwake: "atakaporudi". Umesikia kosa? Mwalimu mwenye watoto tisini hasikii, kwa sababu alichosema mtoto ni Kiswahili safi. Maana tu ndiyo imebadilika: anayerudisha kitu cha watu amegeuka anayerudi nyumbani. Fanya hivyo kwenye kila mstari wa tatu wa hadithi, kisha muulize maswali ya ufahamu. Atapata mawili kati ya matano, na kwenye ripoti ataandikiwa "hana umakini".

Tena vipande hivyo ni vidogo na vinakaa katikati ya neno, mahali ambapo jicho lililochoka huruka. Hatujamlipa, tumemlipa. Akanipa, hakunipa. Mtoto wa Kiingereza akikosea neno, mara nyingi anatoa kituko na kila mtu anacheka. Wetu akikosea anatoa neno lingine zuri tu.

Halafu huu msemo wa "kama kinavyotamkwa". Samahani, hapa nitachokonoa kidogo. Andika "mbuni". Nimeandika ndege mkubwa asiyeruka, au mtu anayebuni mambo? Ndege ana silabi mbili, mtu ana tatu, na maandishi hayasemi lolote. "Barabara" ni njia ya magari au ni sawasawa kabisa? Mkazo ndio unaoamua, nao hauandikwi. Paa la nyumba na paa wa porini, kwa mtu wa pwani, wanatofautiana kwa pumzi ya ile p. Kwenye karatasi ni mapacha. Na ng' na ng! Kile kialama cha juu kinachobeba ng'ombe mzima hata watu wazima wanakiacha kwenye meseji, kisha wanataka mtoto wa miaka saba akiheshimu. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichunguza makosa ya tahajia ya Kiswahili na kuchapisha makala mwaka 2003. Kichwa chake peke yake kingemjibu mwalimu mkuu: kujifunza tahajia ya lugha yenye maandishi ya kanuni si kazi ndogo. Miaka minne baadaye wakaandika nyingine, mahsusi kwa konsonanti zinazofuatana, hizo mb na nd na ngw ambazo sisi tunazipita kama hazipo.

Najua, tukilinganisha na Kiingereza haya ni mawimbi ya bwawa. Lakini anayejua kuogelea kwa shida anazama hata bwawani.

Sasa tumfuate mtoto huyu shuleni. Darasa la kwanza anachelewa, na katika umati ule nani amwone? La pili anaimba silabi pamoja na wenzake, na nasema anaimba kwa maana ya kuimba: wimbo ameushika, ubao hautazami. La tatu anasoma. Anasimamishwa, anasoma mistari miwili polepole bila kosa, anaambiwa "vizuri, kaa". Faili limefungwa hapo. La nne anapona chupuchupu, la saba anapambana na maswali mengi ya kuchagua jibu, na bahati ya kukisia nayo ni bahati. Anaingia kidato cha kwanza shule ya kata, ambako jiografia, baiolojia na kemia vyote vimegeuka Kiingereza kwa siku moja. Mtoto anaanguka kama gunia.

Mzazi anakuja kwangu akiwa na daftari mkononi. "Mwalimu, huyu Kiswahili alikuwa anasoma vizuri tu. Kiingereza ndicho kimemharibu." Ndipo inapozaliwa ile imani kwamba ugonjwa umekuja na lugha ya kigeni. Mimi namwambia, mama, Kiingereza ni mvua tu. Paa lilikuwa linavuja tangu kiangazi, hakuna aliyetazama juu.

Mengine niyapitie mbio, maana nimeyajibu mpaka ulimi umeota sugu.

Kugeuza b na d: watoto karibu wote wanageuza wakianza, na wengi wanaacha wenyewe kufikia miaka saba au minane. Si kipimo cha kitu.

Eti ni ugonjwa wa macho: hapa lawama iende kwa waanzilishi. Neno disleksia lenyewe liliundwa miaka ya 1880 na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Stuttgart, na James Hinshelwood wa Glasgow aliyelifuatilia sana suala hili alikuwa daktari wa macho vilevile. Basi picha ya macho ikaganda. Mpime mtoto macho, ndiyo, kila mtoto apimwe, na masikio pia. Ila miwani ya rangi na mazoezi ya kuzungusha mboni haviponyi disleksia. Vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vililisema hilo kwa pamoja mwaka 2009. Bado kuna wazazi wanaouza mbuzi kununua lenzi za bluu.

Kuandika "kalibu" ukutani, au "akuna" badala ya "hakuna": watu wananitumia picha hizi na vikatuni vya kucheka, "mgonjwa wako huyu". Si mgonjwa wangu. Ameandika anavyotamka, yaani ametii ile kanuni mnayoipigia makofi. Lugha yake ya mama haitenganishi l na r, au haina h, basi.

Kurogwa: sijibu.

Na hili la karibuni, la upande wa pili, ambalo nadhani linaniudhi zaidi kwa sababu limevaa nguo nzuri: "Disleksia ni kipaji, hata Einstein alikuwa nayo." Hakuna aliyempima Einstein. Wapo wenye disleksia wenye vipaji vikubwa, wapo wa kawaida, na wapo ambao kila kitu kinawawia kizito, sawa na watu wengine wote. Mzazi aliyeahidiwa Einstein akapewa mtoto wa kawaida anayesoma polepole anarudi kwangu amekasirika mara mbili. Mtoto hahitaji kuwa jiniasi ili astahili kufundishwa kusoma.

Twende kwenye mashaka yangu, maana nisiposema mimi atasema mwalimu mkuu.

La kwanza ndilo kubwa. Watoto wengi wasiojua kusoma nchini hawana disleksia. Hawajafundishwa, au wamefundishwa mia moja na kitabu kimoja, au wamehamahama na ng'ombe, au wana njaa. Ukisimama mlangoni mwa darasa la namna hiyo na kuniuliza yupi ni yupi, sijui kwa kutazama, na anayekuambia anajua anakuuzia kitu. Njia yangu ni ya kizamani: namfundisha. Sauti za herufi moja moja, kuziunganisha, kila siku dakika ishirini, miezi mitatu. Aliyekosa mafundisho tu anapaa kama tiara. Mwenye disleksia anapanda pia, ila kwa magoti, na kasi inakataa kuja. Hapo ndipo ninaanza kutumia hilo neno. Kwa hiyo mwalimu mkuu aliposema "hakufundishwa", mara nyingi yuko sahihi, na siku ile nilikuwa na hasira mno kukiri hilo.

La pili ni vipimo. Vingi vilivyomo kabatini mwangu vimetafsiriwa, na kipimo cha kusoma ukikitafsiri umekiua. Natumia orodha niliyojitungia: maneno ya kweli, maneno ya kubuni kama "chanopi" na "ng'eta" ili asikisie, na karatasi ya picha tano, kuku, mti, jicho, samaki, nyumba, zilizorudiwa mara kumi kumi, azitaje mbio nikiwa nimeshika saa. Wenye disleksia wengi hukwama kwenye kutaja huko, ingawa wanamjua kuku kuliko mimi. Lakini nani amesema sekunde ngapi ni nyingi? Mimi, kwa watoto wa mjini kwangu niliowapima mimi. Mstari nimeuchora kwa mkono. Kuna wasomi, Julian Elliott wa Chuo Kikuu cha Durham akiwa wa mbele, wanaosema neno disleksia lenyewe halitenganishi kitu na kitu, kwamba tungesema tu "ana shida kubwa ya kusoma" tukamsaidia. Siku nyingine namwona ana haki. Halafu anakuja mtoto ambaye baba yake anainama na kusema taratibu "hata mimi nilikuwa hivihivi", na babu yake pia, na nakumbuka kwamba kitu hiki kinatembea kwenye damu, na ukoo mzima umekuwa ukiitwa vilaza bila sababu.

La tatu linanichekesha. Tuliokulia Tanga tulikuwa na kinyume, ile lugha ya kuwaficha watu wazima: maji yanakuwa jima, chakula kinakuwa lachaku. Nikawaza, hii ndiyo dawa! Kukata silabi na kuihamisha ndiyo kazi yenyewe inayowashinda, nani anahitaji kipimo cha kutoka ng'ambo? Nikakitumia mwaka mzima nikijiona nimegundua bara jipya. Wengi walikwama kweli. Kisha akaja kijana mmoja, kasi yake ya kusoma haifiki maneno ishirini kwa dakika, kila dalili anayo, na kinyume akakimwaga kama maji ya bomba, ananitania mimi humohumo nisielewe. Nadharia yangu ikafa pale kitini. Naendelea kukitumia kwa sababu watoto wanakipenda.

Kijana huyohuyo alikuwa amehifadhi juzuu amma yote, sehemu ya mwisho ya Qur'ani. Maalimu wake wa madrasa aliniletea ushahidi: "Huyu anasoma Qur'ani vizuri sana, shida iko shuleni kwenu." Nilimwomba kijana afungue msahafu, nikaweka kidole kwenye aya ya katikati, aanzie hapo. Akanitazama, akatabasamu, akarudi mwanzo wa sura ili aifikie aya kwa kukimbia. Sikio lake ni dhahabu, naye alikuwa amejenga maisha mazima juu ya sikio. Mwaka 1896 daktari Pringle Morgan wa Uingereza aliandika kuhusu mvulana wa miaka kumi na nne ambaye mwalimu wake alisema angekuwa wa kwanza shuleni kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Naona wamekutana.

Watu wazima hawaletwi kwangu, nawakuta. Fundi wangu wa friji kwa miaka sita amekuwa "amesahau miwani nyumbani". Hana miwani. Waya anazijua kwa rangi, geji ya gesi anaisoma kwa kuitupia jicho, na tarakimu hazimpi shida hata kidogo. Meseji ya pesa ikiingia anatafuta namba, maneno anayaacha, na ndivyo alivyowahi kuliwa laki moja na nusu na matapeli: namba ilikuwa pale, maneno yaliyosema pesa haijaingia hakuyafikia. WhatsApp kwake ni sauti tu. Ukimwandikia anapiga simu. Siku nilipomwambia ninachofanya kazini alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia. Angeambiwa "hujui kusoma" asingeumia, alisema, kwa sababu angejua yuko kundi gani. Kilichomkaa ni mwalimu wa la tano aliyemsomesha mbele ya darasa, akasikia hakosei, akamwambia: "Kumbe unajua. Hutaki tu."

Hiyo "hutaki tu" ndiyo tafsiri ya "kinasomwa kama kinavyotamkwa" ikifika kwenye dawati la mtoto.

Kuhusu mitihani, neno moja. Matangazo ya Baraza la Mitihani la Tanzania kabla ya mtihani wa la saba huwa yanataja nyongeza ya muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Ni jambo jema, na wanaotajwa ni wasioona, wenye uoni hafifu, wenye uziwi, wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Wangu, ambao muda ndio ugonjwa wao wote, siwasikii wakitajwa. Na hata wangetajwa, wangetaka kinyume chake: Hisabati waichukulie dakika kumi, zile ishirini wapewe kwenye Kiswahili.

Mwishoni mwa semina nilimwomba mwalimu mkuu kitu kimoja. Achukue kitabu cha darasa la tatu, kifungu cha maneno mia, na simu yenye saa. Awaite wanafunzi kumi wa la tano mmoja mmoja, asihesabu makosa, ahesabu muda. Akacheka, akasema atafanya akipata nafasi.

Amenipigia jana jioni. Shikamoo, marahaba, za nyumbani, halafu akakaa kimya kidogo. "Dada, tisa wamemaliza ndani ya dakika moja na nusu, wengine hata moja haikufika. Kuna mmoja, binti, mtulivu, huwa tunamtuma kuchota maji kwa sababu darasani hachangii." Dakika nne na sekunde kumi. Hakukosea hata neno. Aliporudia kifungu kilekile mara ya pili, dakika nne tena.

"Sasa nimfanyeje?"

Nilimwambia amsomee maswali ya mtihani kwa sauti, aache kumsimamisha mbele ya wenzake, na wamrudishe kwenye sauti za herufi hata kama anaona aibu. Amsomeshe kifungu kimoja mara nyingi kabla ya kumpa kipya. Na kuanzia leo maji achote mtu mwingine. Akauliza kama kasi itakuja. Nikamwambia itakuja kidogo. Akauliza kidogo kiasi gani, na hapo nikamwomba amlete Jumamosi, aje na mzazi mmoja, yule ambaye naye hapendi kusoma.